Acha kuwauliza kama kinarudi

Miaka michache baada ya kuanza kufundisha sayansi darasa la sita, niliandika ubaoni sentensi ileile niliyonakili mimi nikiwa mtoto: badiliko la kiumbo hurudi, badiliko la kikemikali halirudi. Watoto wakanakili. Nyuma mkono ukanyooka, wa kijana wa Mbagala ambaye mjomba wake ana mashine ya kusaga.

"Mwalimu, mahindi yakishakuwa dona, yanarudi kuwa mahindi?"

Hayarudi, nikasema.

"Kwa hiyo hapo ni kikemikali?"

Nikamjibu jibu la mwalimu aliyebanwa: tutaliona kesho. Usiku ule niliifuta ile sentensi kwenye andalio langu la somo na sijairudisha hadi leo. Dona ni mahindi yaleyale, yamepondwa tu. Upande wa pili, betri ya simu inayochajiwa kila usiku ni kemia inayokwenda na kurudi. Kanuni inakuangusha huku na huku.

Siku hizi nauliza jambo moja: hapa kimezaliwa kitu ambacho mwanzo hakikuwepo? Kama kimezaliwa, badiliko ni la kikemikali; nionyeshe hicho kitu.

Lakini kuna mtego mwingine, na huu tumejitegea wenyewe kwa Kiswahili chetu. Neno kuganda. Asubuhi ya Julai unaamka, mafuta ya nazi yameganda kwenye chupa. Maji yameganda kwenye friji. Maziwa yameganda. Zege limeganda. Kwa mtoto yote hayo ni jambo moja, kwa sababu neno ni moja. Sasa wape kazi ya kuyatenganisha kwa lile swali. Chupa ya mafuta ukiianika juani dakika chache, yanamiminika, na ni mafuta yaleyale ya jana. Mtindi je? Una uchachu ambao maziwa hayakuwa nao. Bakteria wametumia sukari ya maziwa wakatoa asidi, na uchachu ule ndio asidi yenyewe. Kitu kipya kipo, na wamekionja kwa ulimi wao.

Zege ndilo linalonipa kipindi kitamu kuliko vyote. Waulize kwa nini linakuwa gumu. Watakujibu kwa pamoja kwamba limekauka. Hapo usiwasahihishe. Waulize tena: kama linakauka, mbona fundi anawatuma mkalimwagilie maji asubuhi na jioni? Dar hii kila mtaa kuna nyumba inajengwa, na karibu kila mtoto amewahi kushikishwa ndoo. Utaona macho yanavyohangaika. Basi korogeni saruji kidogo iwe uji mzito kwenye makopo mawili madogo. Moja liache juu ya dirisha, la pili lizamishe taratibu kwenye ndoo ya maji. Kesho yake mtoto aingize mkono ndooni atoe kopo: jiwe. Limekuwa gumu likiwa ndani ya maji. Saruji haikuyatoa maji, imeungana nayo ikawa kitu kingine. Tumia kijiti kukorogea, saruji mbichi inachoma ngozi.

Mshumaa kila mwalimu anautumia, ila wengi tunauharibu kwa kuuliza kama ni badiliko la kiumbo au la kikemikali. Ni yote mawili kwa mpigo. Michael Faraday, mwanasayansi wa Uingereza, aliwafundisha vijana wa London kwa mshumaa mihadhara mizima mwishoni mwa 1860 na mwanzoni mwa 1861, na bado una mambo. Uzime, halafu haraka sogeza njiti inayowaka kwenye ule uzi wa moshi mweupe juu ya utambi: moto utaruka kushuka hadi kwenye utambi. Moshi ule ni nta iliyokuwa mvuke na sasa inarudi kuwa chembe ndogondogo, na mvuke wa nta ndio unaowaka. Kisha funika mwali kwa glasi kavu kwa muda mfupi. Ndani itapata ukungu. Maji! Kwenye mshumaa hakukuwa na maji, yametoka wapi? Hapo kitu kipya kimeonekana kwa macho.

Angalizo la watu wa pwani: glasi isitoke kwenye friji. Kwa unyevu wa hewa ya hapa itatoa jasho yenyewe hata bila mshumaa, na mtoto mjanja mmoja atalisema hilo mbele ya mkaguzi. Na zima pangaboi kabla hujawasha kiberiti.

Gesi nayo, kaboni dayoksaidi tunayoitoa kwa pumzi, unaweza kuionyesha kwa chokaa ya kupaka ukuta: koroga kwenye maji, acha itulie, chukua maji maangavu ya juu, kisha mtoto apulize pumzi kwa mrija. Apulize tu, asivute. Maji yatageuka kama maziwa. Mara yangu ya kwanza hayakugeuka kabisa, nikapuliza mimi, akapuliza mwalimu mwenzangu, darasa likacheka. Nilikuwa nimepimiwa chokaa kutoka mfuko uliokaa wazi dukani sijui miezi mingapi. Ilikuwa imeshakunywa ile gesi kutoka hewani. Nunua kwenye mfuko unaofunguliwa mbele yako, na inayobaki ifunge kwenye chupa yenye kifuniko cha kukaza.