Uzamivu wa uhandisi Ujerumani: anza na msimamizi, hela itafuata

Wadogo zangu, ujumbe mnaonitumia karibu wote unafanana: "Shikamoo kaka. Nimemaliza uhandisi, GPA 4.1, nataka PhD Ujerumani. Naomba unitafutie profesa na skolashipu." Marahaba. Nawajibu kwa pamoja, na kwa urefu, kwa sababu majibu ya mkato ndiyo yanayowapeleka watu kwa madalali wa elimu.

Mwenye shahada ya kwanza peke yake aanze na uzamili. Njia ya kuruka hadi uzamivu ipo, ila ni nyembamba sana. Kwa uzamili wa mambo ya maendeleo, kama maji, nishati na miundombinu, DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi na watafiti, lina programu iitwayo EPOS. Wanataka uwe umefanya kazi ya fani yako angalau miaka miwili, na shahada yako ya mwisho kwa kawaida isiwe imepita miaka sita. Kwa hiyo anayekaa nyumbani akisubiri skolashipu bila kugusa kazi anajifungia mlango mwenyewe. Hata kazi ya mkataba kwenye mamlaka ya maji ya wilaya inahesabika.

Sasa uzamivu. Uhandisi hapa haufanyiwi PhD kwa kukaa darasani. Wengi wanaoifanya ni waajiriwa wa chuo: profesa ana mradi, mradi una fedha, anatangaza nafasi, unaomba kama unavyoomba kazi yoyote. Unasaini mkataba, unalipwa mshahara, na ndani ya kazi hiyo ndimo unamoandika tasnifu. Ndiyo maana anayetafuta neno "skolashipu" peke yake anazipita nafasi nyingi bila kuziona. Tafuta matangazo ya ajira kwenye kurasa za idara za vyuo kama Aachen, Karlsruhe, Dresden au Stuttgart. Ufadhili wa DAAD wa uzamivu nao upo, lakini hata huo utakudai msimamizi aliyekubali kukupokea.

Kuhusu hiyo GPA ya 4.1, sikilizeni vizuri. Kwetu ni alama nzuri. Ujerumani alama zinakwenda kinyume: 1.0 ndiyo ya juu kabisa na 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu. Profesa anayepitia CV yako haraka akiona 4.1 bila maelezo anaweza kudhani umefeli. Andika wazi: 4.1 kati ya 5.0, ambapo 5.0 ndiyo ya juu na 2.0 ndiyo ya kufaulu. Kwa kanuni wanayotumia vyuo vingi hapa, hiyo inakuwa 1.9, yaani alama ya kuheshimika. Mstari mmoja tu, na nimeona vijana wazuri wakiukosa.

Kisha barua pepe. Nyingi nilizoonyeshwa zinasema hivi: "Mheshimiwa Profesa, mimi ni kijana mchapakazi, naomba nafasi yoyote katika maabara yako." Hiyo haijibiwi, na si kwa sababu ya rangi yako. Profesa huyo hajaambiwa unajua nini.

Chukueni mfano wa maji ya Arusha. Visima vingi pembezoni mwa Mlima Meru vina floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha mwisho cha Shirika la Afya Duniani. Wote tumewaona wenzetu ambao maji hayo yamewapa meno ya kahawia, na watoto waliopinda miguu. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe unaichuja floraidi hiyo, ila baada ya muda unachoka. Sasa fikiria mhitimu aliyepima hilo kwenye tasnifu yake akiandika: "Nimesoma makala yenu kuhusu vichujio. Kwenye vipimo vyangu mkaa ulichoka mapema kwenye kisima chenye bikaboneti nyingi. Nataka kujua ni kwa kiasi gani bikaboneti inagombea nafasi na floraidi, na namna ya kuuhuisha mkaa huo kwa gharama ambayo kijiji kinaiweza. Vipimo vyangu nimeviambatisha." Hiyo inasomwa hadi mwisho. Ana swali, ana takwimu, na ana kisima ambacho profesa hana. Matatizo haya mliyozaliwa nayo mlangoni ndiyo mtaji wenu. Msiyaache mkaandika juu ya akili bandia kwa sababu tu ndiyo inayovuma.

Tuje kwenye hela, maana ndiyo mnayoiuliza kwa kuzunguka. Nafasi kamili ya mtafiti ni zaidi ya euro 4,000 kwa mwezi kabla ya makato. Kwa mtu asiye na mwenza wala mtoto, kodi, bima ya afya na pensheni vinaondoka na zaidi ya theluthi moja. Kinachobaki kinalipa pango, chakula, na ada za wadogo zako nyumbani. Unaishi vizuri, lakini hujengi ghorofa Goba mwaka wa kwanza, na ndugu waambiwe hivyo mapema. Nafasi nyingine ni za nusu, kwa hiyo usisaini kabla ya kusoma ni asilimia ngapi ya nafasi kamili unayopewa.

Kazi yenyewe inachukua miaka minne, mitano, wakati mwingine sita, kwa mikataba ya vipandevipande. Utasimamia mazoezi ya wanafunzi, utaandika ripoti za mradi, na tasnifu yako itasubiri jioni. Maabarani Kiingereza kinatosha, ila kwa mwenye nyumba na kwa daktari hakitoshi. Anzeni Kijerumani mkiwa huko huko. Baridi inazoeleka. Kumzika mzazi kwa simu hakuzoeleki, na hilo limewapata wengi wetu hapa.

Kuhusu viza, atakayeomba kwa hela yake anatakiwa kuonyesha euro 11,904 za mwaka kwenye akaunti iliyofungwa, yaani ambayo unatoa kiasi kidogo tu kila mwezi, kwa kiwango kilichoanza Septemba 2024. Mwenye mkataba unaotosha au ufadhili haihitaji. Na dalali anayekuuzia "profesa" kwa milioni mbili ni mwizi. DAAD haitozi ada ya maombi, na msimamizi hauzwi.

Mwenye kurasa mbili za swali lake la utafiti anitumie. Nitazisoma na kumwambia ukweli kabla hajampelekea profesa yeyote. CV peke yake msinitumie tena.