Fidia ya Shamba na Vifaa vya Karakana

Swali: Mhariri, mimi ni seremala wa Morogoro na nimelipwa fidia ya shamba. Je, nianze na randa ya mashine au msumeno wa meza?

Jibu: Ndugu msomaji, pitia daftari lako la matumizi: kazi unayoipeleka kwa fundi mwingine kila wiki ndiyo inayostahili mashine ya kwanza, na kwa wengi wanaonunua mbao za mninga zisizonyooka, kazi hiyo ni kupiga randa. Kabla ya kulipa, soma kibati cha mota, yaani bamba dogo lenye maelezo ya umeme wake, kwa kuwa mashine nyingi kubwa huhitaji umeme wa fezi tatu, yaani unaoletwa na nyaya tatu za umeme badala ya moja, ilhali karakana yako huenda ina fezi moja ya volti 230. Tenga pia fedha za visu vya akiba na jiliwa madhubuti, yaani kifaa cha kubana mbao wakati wa kazi, ambalo wengi hulisahau.