Kuhamisha tangi la matumbawe: maji yatangulie, samaki wafuate

Nimehama nyumba mara mbili hapa Mombasa nikiwa na tangi la samaki wa baharini, mara ya kwanza kutoka Kisauni kuja Tudor, mara ya pili Februari hii kutoka Tudor gorofa ya tatu kwenda Likoni upande wa Shelly. Mara ya kwanza nilikuwa na samaki tisa, siku ya tatu wakabaki watatu. Mara ya pili samaki kumi na mmoja wakafika na wote wako hai leo naandika, na kwenye matumbawe nimepoteza kipande kimoja tu. Tangi ni lile lile na mtu ni yule yule, kilichobadilika ni mpango, kwa hivo naandika haya kwa mwenzangu ambaye landilodi ameshampa notisi na anaangalia tangi lake sebuleni hajui aanzie wapi.

Tangi langu ni sentimita 150 kwa 60 kwa 65, kioo cha milimita 12. Ukipiga hesabu ni kama lita 585 likijaa mpaka ukingoni, na lita moja ya maji ya bahari ina uzito unaozidi kilo moja kidogo. Kioo kitupu peke yake ni kama kilo 110. Weka mawe, mchanga, na meza yake ya chini, unakaribia kilo 800. Nayasema mapema manake watu wakisikia kuhamisha tangi wanafikiria kioo, wanatafuta wabebaji wanne na kanta (lori dogo), basi. Kioo ndo sehemu rahisi. Kioo hakivuti pumzi.

Unachohamisha hasa ni bakteria. Samaki anatoa amonia kila dakika, na amonia ni sumu kwake, wale bakteria ndo wanaoigeuza kuwa nitriti alafu nitrati ambayo haina ukali ule. Na bakteria hawa hawakai kwenye maji kama wengi tunavodhani, wanakaa kwenye mawe, kwenye mchanga, kwenye sponji ya chujio. Nimeona mtu anabeba maji yote ya zamani kwa uangalifu kama maji ya zamzam, na mawe ameyaacha uani juani yakauke. Jiwe likikauka bakteria wanakufa, na vile viumbe vidogo vyote vilivyomo kwenye matundu vinaoza, ukilirudisha ndani umerudisha mzoga. Mawe yasafiri ndani ya maji, au angalau yafunikwe kwa taulo lililoloa maji ya bahari ikiwa safari ni fupi.

Sasa mchanga, na hapa ndipo mimi nilipoumia. Mara ya kwanza niliambiwa, na nikaamini, kwamba mchanga uachwe mle mle ndani ya tangi na maji kiasi cha vidole vitatu juu yake ili bakteria wasife. Kanta ikapita matuta, ikapanda daraja la Nyali, ikashuka, na maji yakawa yanaenda huku na huku yakiuchimba ule mchanga. Nilipofunua turubai nikakutana na harufu ya yai viza. Nikaingiza mkono. Juu mchanga ulikuwa mweupe kama kawaida, chini kulikuwa na tabaka jeusi kama masizi, unene wa kidole, likaingia kwenye kucha na ile harufu haikutoka mpaka kesho yake. Ile ni haidrojeni salfaidi, gesi inayojitengeneza chini kule ambako oksijeni haifiki, na ikitulia kule kule haina neno, ikivurugwa ni sumu. Mimi nikajaza maji nikawarudisha samaki usiku ule ule, kwa sababu ndoo hazikuwa na pampu na saa zilikuwa zimeenda. Asubuhi kitatange wangu alikuwa amelala ubavu nyuma ya jiwe, matamvua yanafunguka haraka haraka, mdomo wazi. Adhuhuri haikumkuta. Wengine watano wakafuata mpaka siku ya tatu.

Kwa hivo mchanga wa zamani toa wote. Chota vikombe viwili vya juu juu pale palipo safi uhifadhi kama mbegu, uliobaki ama uoshe mpaka maji yatoke meupe kabisa ama uache, ununue mwingine. Na usihamishe kioo na kitu chochote ndani hata mchanga tu, ule uzito unaochezacheza unavuta gundi ya silikoni ya pembeni na utajua limepasuka baada ya wiki.

Kosa kubwa zaidi lakini halikuwa mchanga, lilikuwa kutaka kila kitu kiishe siku moja. Ukifika nyumba mpya usiku, samaki wako kwenye ndoo, tangi tupu, lazima ukimbie, na ukikimbia unawaua. Safari ya pili nikafanya kambi. Siku kumi kabla ya kuhama nikapeleka Likoni mapipa mawili ya bluu ya lita 200 (nunua yaliyobeba chakula, nusa kabla hujalipa, likinuka mafuta au sabuni achana nalo), nikayajaza maji ya bahari, nikatia pampu ya kuzungusha na jiwe la hewa (lile la kutoa viputo). Alafu nikatoa sponji mbili kwenye chujio langu na mawe matatu, nikayapeleka yatangulie. Maana yake siku ya kuhama kulikuwa na nyumba inayopumua tayari inawangoja samaki, na tangi lenyewe ningeweza kulifunga kwa utulivu kesho yake au keshokutwa. Kama utachukua kitu kimoja tu kwenye makala hii chukua hicho.

Kuhusu maji yenyewe, sisi wa Mombasa tuna bahati ambayo mtu wa Nairobi anainunua kwa pakiti za chumvi, ila si kila maji ya bahari ni ya kuchota. Tudor kule kwenye mkono wa bahari usichote, maji taka yanaingia mle. Karibu na bandari pia hapana. Na wakati wa masika kaa mbali kabisa na mito, mvua inashusha chumvi na kuleta tope. Mimi nilichota Shelly wakati wa bamvua (zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu), kwa sababu bamvua maji yanajaa vizuri na yanatoka bahari kubwa, na kwetu huku bamvua likijaa ni mida ya saa kumi, alfajiri au jioni. Mitungi 20 ya lita 20, tuktuk ikaenda raundi tatu. Nikachuja kwa kitambaa cheupe safi, nikayaacha gizani siku kadhaa huku yanazungushwa, alafu nikapima chumvi kwa rifraktomita, ikasoma 35 kwa elfu sawa na tangini. Hiki kipimo usikiruke. Na yale ya kuongezea yanapopungua kwa mvuke yawe maji matamu yaliyochujwa, ya duka la kujaza mitungi, maana maji ya kisima ya Mombasa mengi yana chumvi yake na madini yake usiyoyajua.

Jambo dogo ambalo lilitaka kuniharibia: nyumba mpya, mita ya tokeni. Nilipofika kuweka mapipa nikakuta uniti sita zimebaki! Pampu ingezima usiku na mimi niko Tudor. Jaza tokeni, alafu ununue zile pampu ndogo za hewa za betri, mbili au tatu, stima ikipotea ziko. Nyaya zote za tangi zininginie chini kidogo ya soketi kabla ya kupanda, tone la maji likifuata waya lidondoke chini lisiingie kwenye umeme.

Siku mbili kabla usiwalishe samaki. Najua inauma, wanakuja kwenye kioo wanakuangalia, lakini samaki mwenye tumbo tupu hachafui ndoo.

Siku yenyewe nimeanza saa kumi alfajiri. Kwanza vaa glavu na miwani ya kuzuia maji kurukia machoni, si mapambo, zile zoa, vile vijimatumbawe kama vifungo vya rangi, baadhi zina sumu inaitwa palitoksini, ikiingia kwenye jicho au kidonda ni hospitali, na jiwe lenye zoa usilichemshe hata siku moja manake mvuke wake umelaza familia nzima. Matumbawe yakatoka mwanzo, yakaingia kwenye yale maboksi meupe ya wauza samaki, kila kipande kimezama na hakigusani na mwenzake. Yatatoa ute mwingi, usishtuke. Alafu nikavuta lita 200 za maji ya juu yaliyo safi nikaweka kwenye mitungi, alafu mawe.

Mawe yataka subira. Kila jiwe nililinyanyua nikalishikilia juu ya ndoo nikahesabu mpaka thelathini. Jiwe la nne likawa linatoa maji tu, tone tone, nilipotaka kuliweka nikaona kichwa kidogo cha rangi ya kahawia kinachungulia kwenye tundu, macho mawili juu kama ya chura. Samaki ambaye sikumuona miezi miwili na nilikuwa nimeshamfuta kwenye hesabu. Nikalitingisha kidogo, akateleza, akaanguka kwenye ndoo. Ningelifunga lile jiwe kwenye taulo angekufia mle mle.

Samaki ni wa mwisho, maji yakishabaki kiasi cha shibiri moja na mawe hayapo, hapo hakuna wa kufukuzana naye. Usimkimbize samaki kwenye tangi lililojaa, utamchosha na utavunja matumbawe. Kangaja usimkamate kwa wavu, ana kisu pembeni mwa mkia kila upande, kitanasa kwenye nyuzi na kumjeruhi yeye na kukukata wewe, tumia jagi kubwa la plastiki umuongoze aingie mwenyewe. Kila samaki mkali na ndoo yake ya lita 20, maji nusu, hewa nusu, kifuniko. Tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 watu wananiuliza watabebea nini, ndoo inatosha kabisa kwa safari ya saa moja mbili.

Kijana wa kanta akaniuliza, "Mzee, tuvuke na feri?" Nikamwambia hapana, pitia Miritini tushike barabara ya Dongo Kundu, inayofika Likoni bila feri. Ni kuzunguka sana, lakini gari linatembea. Foleni ya feri huwezi kuijua, na joto ndilo adui. Tumbawe linaishi karibu kabisa na ukomo wa joto lake, mwaka 1998 bahari ilipopanda joto wakati wa El Niño matumbawe ya pwani yetu yaligeuka meupe na mengi yakafa, na lile lilikuwa ongezeko la digrii chache tu. Ndoo juani kwenye kanta Februari inapita hapo kabla hujafika Changamwe. Kwa hivo tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi, turubai juu, maboksi katikati, na chupa za maji yaliyoganda zimefungwa kwenye kitambaa zikae kati ya ndoo, si ndani. Kioo kililala juu ya godoro. Kukishusha ngazini walikuwa watu watano, mikono chini ya kitako, kamwe usishike ukingo wa juu.

Saa mbili kasoro samaki wako kwenye mapipa. Nililinganisha maji polepole kwa mpira mwembamba tone tone kama nusu saa. Alafu tukanywa chai. Tangi nililiweka kesho yake chini kwenye sakafu ya zege, sponji ngumu chini yake, nikaweka pimamaji ya fundi pande zote nne kuona kama limekaa sawa, nikalijaza maji ya bomba nikaliacha usiku mzima kuona kama linavuja, nikamwaga. Wewe unayekwenda gorofani liweke kando ya ukuta wa nguzo na umuulize fundi boriti inapita wapi kabla, si baada.

Siku ya tatu mawe na mchanga mpya na maji, siku ya nne samaki. Amonia nilipima kila asubuhi wiki mbili. Siku ya sita ilionyesha rangi kidogo, nikabadilisha lita 100 na kupunguza chakula, ikashuka. Tia kaboni ya chujio pia kwa wiki ya kwanza inyonye ule ute wa matumbawe. Taa niliwasha saa nne tu kwa siku nikawa naongeza kidogo kidogo. Anemoni wangu (mnyama laini wa baharini anayejishikiza kwenye jiwe) alitangatanga siku nne anatafuta pa kushika, na anemoni akitangatanga anaingia kwenye pampu akasagwa na kuharibu maji yote, kwa hivo kila mdomo wa pampu ulikuwa na sponji. Usiku wa tano akashika nyuma ya jiwe la kushoto, na wale samaki klauni wawili waliokuwa wanalala kwenye kona kama yatima wakahamia kwake kabla sijazima taa.

Yale mapipa sijayauza. Moja liko nyuma ya nyumba kivulini, limejaa maji ya bamvua lililopita, pampu inazunguka.