Unga umeisha, nianzie wapi?

SWALI: Mume wangu amekosa kibarua, tunakula mara moja kwa siku. Mwanangu wa miezi 14 amekonda. Msaada naupata wapi? – Mama, Morogoro

JIBU: Pole sana, dada. Anza na mtoto, leo hii. Mpeleke kituo cha afya cha serikali na kadi yake ya kliniki; sera inasema walio chini ya miaka mitano watibiwe bure. Watampima mkono wa kushoto kwa utepe wa rangi, katikati ya bega na kiwiko. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali: huanzishiwa chakula dawa. Hicho ni cha mgonjwa peke yake. Kikigawiwa nduguze, na tunajua inavyouma kuwanyima, hapati uzito.

Bonyeza nyayo zake kwa juu, sekunde tatu. Vishimo vikibaki miguu yote miwili, usingoje kesho.

Kisha mwone mwenyekiti wa mtaa na afisa ustawi wa jamii. Ulizeni kuhusu TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, ila kaya huchaguliwa kwenye mkutano wa hadhara, kwa vipindi. Chakula cha wiki hii ombeni msikitini, kanisani au kwenye kikoba.