Mbona Pasaka inahamahama na Krismasi imetulia?

SWALI: Bwana asifiwe mtumishi. Kuna jamaa kazini, sio Mkristo, tulibishana akanishika pabaya. Anasema Krismasi mnayo 25 Desemba kila mwaka hamkosei, ila Pasaka mara Machi mara Aprili, kwahiyo hata nyie wenyewe hamjui Yesu alifufuka lini, mnabahatisha tu. Halafu akaongeza kwamba 2024 Waorthodoksi walisherehekea Mei wakati sisi tulishamaliza Machi, hapo nikakosa la kusema. Hii tarehe inapangwaje? Na huku kuhama hakupunguzi maana ya ufufuko?

JIBU: Amina mpendwa. Mi nafundisha kalenda ya kanisa na swali hili halinipiti, kila ikikaribia Kwaresima lazima mtu aniulize. Sasa mwambie jamaa yako kwamba amekosea sikukuu. Kati ya hizo mbili yenye tarehe isiyojulikana ni Krismasi, maana Injili hazisemi popote Yesu alizaliwa siku gani wala mwezi gani. Kifo na ufufuko ndo vimetajiwa wakati wake, tena kwa kurudiwarudiwa, sema zimetaja kwa kalenda ya Wayahudi sio hii yetu ya ukutani. Ilikuwa kipindi cha Pasaka yao, mwezi wa Nisani, Ijumaa, na kaburi likakutwa tupu siku ya kwanza ya juma.

Hapo kwenye siku ya kwanza ya juma wasomaji wa Kiswahili huwa tunateleza, kwasababu majina yetu ya siku yanaanza kuhesabu baada ya Ijumaa: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, kwahiyo ukisikia Jumapili sikio linapokea "pili". Kwa Wayahudi juma linaisha na Sabato, yaani Jumamosi, na Jumapili ndo ya kwanza. Shika hilo tutalirudia.

Sasa mahesabu. Miezi ya Wayahudi inafuata mwezi wa angani, ina siku 29 au 30, ukijumlisha kumi na miwili unapata kama siku 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Umeona Ramadhani inavyorudi nyuma mpaka inazunguka mwaka mzima? Ni kwasababu kalenda ya Kiislamu haifidii hizo siku. Ya Wayahudi inafidia, wanaongeza mwezi wa 13 mara saba kila miaka 19, ili Nisani isitoke kwenye majira yake. Na Pasaka yao yenyewe inaanguka tarehe 14 kuingia 15 Nisani, katikati ya mwezi, ambapo mwezi ni mpevu. Ndo maana hata Pasaka yetu inatembea ila haitoki nje ya uzio, mwisho wake wa mapema ni 22 Machi na wa kuchelewa ni 25 Aprili.

Wakristo wa mwanzo waligombana kweli juu ya hili. Waliokuwa Asia Ndogo walishika 14 Nisani iangukie siku yoyote ile, hata Jumanne, wengine wakasema hapana lazima iwe Jumapili maana ndo siku aliyofufuka. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 325 ukataka wote wafanye Jumapili moja, bila kutegemea Wayahudi wamepangaje mwaka huo. Kanuni iliyokuja kutumika ni hii: Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia 21 Machi (siku ambayo kanisa linahesabu mchana na usiku vinalingana) au baada yake, na mwezi ukiwa mpevu Jumapili yenyewe unasogea Jumapili inayofuata. Mfano 2025, mwezi wa kanisa ulikuwa 13 Aprili, Jumapili, kwahiyo Pasaka ikawa tarehe 20.

Nimesema "mwezi wa kanisa" kwasababu hatutoki nje kuangalia angani, kuna jedwali la mzunguko wa miaka 19. Kawaida linakaribiana sana na mwezi halisi lakini sio kila mara. Mwaka 2019 kwa saa za Greenwich mchana na usiku vililingana 20 Machi na mwezi ukawa mpevu 21 Machi, kwahiyo mtu wa anga angesema Pasaka ni Jumapili iliyofuata, 24 Machi, ila jedwali likatupa 21 Aprili. Karibu mwezi mzima tofauti! Wanafunzi wangu wanapenda sana mfano huu, mi unaniumiza kichwa kuuelezea.

Waorthodoksi nao wanatumia kanuni ileile, kilichowatenganisha na sisi ni kalenda. Papa Gregori XIII aliirekebisha mwaka 1582, ikalala 4 Oktoba ikaamka 15 Oktoba. Wao kwa Pasaka wengi walibaki na ile ya zamani ambayo sasa iko nyuma siku 13, na jedwali lao la mwezi nalo limechelewa, kwahiyo 2024 sisi tulikuwa 31 Machi wao 5 Mei. Miaka mingine tunakutana kama 2025, na tutakutana tena 16 Aprili 2028. Mwaka 1997 kulikuwa na kikao cha makanisa Aleppo, Syria, wakapendekeza wote wafuate mwezi halisi kwa kupimia Yerusalemu. Mi naona lilikuwa wazo zuri kabisa, ila halikutekelezwa.

Sasa la maana, ambalo ndo nilitaka ulibebe. Ukitaka tarehe ya historia, wasomi wengi wanataja Ijumaa mbili, 7 Aprili mwaka 30 au 3 Aprili mwaka 33. Kanisa lingeweza kuchagua moja likaikaza kama Krismasi, lakini hapo ungepata kumbukumbu ya tukio basi, kama siku ya kuzaliwa. Kufuata mwezi wa Nisani kunaliweka tukio ndani ya Kutoka 12, usiku wa mwana-kondoo na damu kwenye miimo ya milango, watu wanatoka utumwani. Ndo maana Paulo kwenye 1 Wakorintho 5 anamwita Kristo Pasaka wetu aliyechinjwa. Na kung'ang'ania Jumapili, ile siku ya kwanza, kunabeba kitu kingine: siku ya kwanza ndiyo Mungu alisema iwe nuru, na kwenye Mambo ya Walawi 23 kesho yake Sabato kuhani anatikisa mganda wa malimbuko, halafu Paulo kwenye 1 Wakorintho 15 anamwita Yesu aliyefufuka limbuko lao waliolala. Limbuko maana yake shamba lililobaki linakuja, yaani mimi na wewe na marehemu wetu. Mwezi unasema ametukomboa, Jumapili inasema uumbaji umeanza upya, na hizi mbili haziwezi kukutana tarehe moja kila mwaka, ndo maana Pasaka inahama.

Na jamaa akikuletea ile ya kwamba jina limetoka kwa mungu wa kike wa wapagani, huo ni ubishi wa jina la Kiingereza, Easter, sisi tunasema Pasaka, neno lilelile la Waebrania, halituhusu.