Uvungu wa nyumba ulinitia adabu, sasa nashuka mwenyewe kabla ya winta

Juzi dada mmoja msomaji kanitumia meseji, anasema sakafu ya sebuleni kwake asubuhi ni baridi mpaka watoto wanaruka moja kwa moja kwenye kochi, sasa anunue hita ya pili au zulia zito? Nikamuuliza uvungu wa nyumba yako umeuona lini mara ya mwisho. Akajibu, "Uvungu upi tena kaka?" Nikacheka, halafu kicheko kikakata, maana hata mimi winta ya juzi ningejibu hivyohivyo.

Nyumba nyingi za mbao kwenye nchi za baridi hazikai juu ya udongo, zimeinuliwa juu ya msingi, na kati ya udongo na sakafu kuna nafasi ya kutambaa kwa tumbo. Humo ndo mabomba yanapita. Nimelala juu ya hiyo nafasi miaka minne bila kuchungulia hata siku moja. Nilimwita fundi (simtaji, anajijua), akashuka, dakika tano nyingi, akatoka suruali haina hata vumbi magotini, akasema kila kitu freshi bosi. Na mimi nikamlipa na kumshukuru juu! Yale magoti masafi mpaka leo nayaona.

Usiku mmoja baridi ikashuka hasa, asubuhi koki ya jikoni haitoi hata tone. Tukasema maji yamekatika, tukaenda zetu kazini. Mchana jua likatoka, barafu ikayeyuka. Mke wangu akarudi kabla yangu akanipigia, anasema anasikia mvua inanyesha ila nje hakuna mvua, iko chini ya miguu yake.

Nilishuka na tochi mdomoni. Bomba limepasuka ufa wa urefu wa kidole, umefunguka kama mdomo wa samaki, maji yanaruka, sufi ya kuzuia baridi imelowa inaning'inia usoni kwangu vipande vipande. Na koki kuu ya kufunga maji sikuijua iko wapi jamani. Mwanaume mzima na nyumba yangu! Unajua maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, sasa barafu ikiziba bomba na koki zote umefunga, maji yaliyobanwa katikati hayana pa kwenda, yanapasua. Ndo maana usiku wa baridi kali watu wanaacha koki idondoke matone.

Basi mwaka huu nikashuka mwenyewe, kabla ya baridi, wikendi mbili nzima. Sitawachosha na habari za buibui. Nilichofanya, udongo wote nikautandika nailoni nene, vipande vinapandana kama sentimita 30, nikagandisha kwa tepu na kuipandisha kidogo ukutani, maana udongo unapumua unyevu muda wote hata ukiuona mkavu. Shemeji yangu akachungulia mlangoni akasema, "We shemeji, udongo nao unautandikia shuka?" Haya cheka. Mabomba nikayavalisha sponji zile za mrija, kona zote, kona ndo zinasahaulika. Nyufa za pale mbao zinapokalia msingi nikaziba, maana hewa ya moto ndani ya nyumba inapanda juu na kuvuta ya baridi kutoka chini, hiyo ndo sakafu ya yule dada, zulia halitamsaidia. Panya anapita tundu la kama milimita 6, hapo nikasokomeza stilwaya, ile ya kusugulia masufuria.

Vitundu vya hewa vya ukuta wa msingi, kuvifunga au kuviacha wazi, watu wanabishana sana, mimi navifunga winta, lakini kama una boila au hita inayochoma gesi humo chini USIFUNGE bila kumuuliza mtaalamu, moto unahitaji hewa na moshi wake unaua. Na kama kuna maji yamesimama, anza na nje kwanza, gata zimwage mbali na msingi. Ukitandika nailoni juu ya dimbwi umefunika tatizo tu.

Sasa hivi nina kipimo cha unyevu kule chini, kinasoma asilimia 48, nataka kisivuke 60. Baridi imeshapiga mara mbili na maji yanatoka kama kawaida. Shemeji siku hizi haulizi habari za shuka.

Ila ndugu zangu tuna ugonjwa mmoja, tunapenda kinachoonekana. Tunabadilisha mapazia, tunapaka rangi, wageni wanasifia, wakati chini kunaoza. Shuka mwenyewe. Vaa ovaroli, barakoa na glavu, mwachie mtu wa juu taarifa kwamba uko chini, na kabla hujafanya chochote itafute koki kuu, ifunge, ifungue, uone kama inazunguka. Kumwita fundi siyo kosa, ila shuka naye, au ukishindwa mwambie arudi na picha. Na angalia magoti yake.

Yule dada nilimwandikia yote haya, pamoja na kuchomoa mpira wa bustani kwenye koki ya nje, kwa sababu ukibaki umechomekwa maji yanabaki ndani ya koki, yanaganda kurudi nyuma mpaka bomba lililo ukutani. Akajibu sawa kaka, nimefanya. Jana usiku kanitumia picha kunionyesha theluji ya kwanza uani kwake, nzuri kweli, na pembeni mpira wa kijani umejiviringisha, bado umechomekwa kwenye koki. Nimempigia saa hiyohiyo.