Jibu: Watu watatu, tutumie Skramu au maporomoko?

Mkuu, umeuliza nyie watatu mfuate mtindo gani kutengeneza mfumo wa hesabu za wafanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi, na mteja anataka kila kitu kiandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo.

Maporomoko mimi nisingeyagusa, yaani kumaliza mahitaji yote, halafu usanifu, halafu kuandika programu, ndipo mjaribu. Hata Winston Royce, mtaalamu wa programu za kompyuta ambaye makala yake ya 1970 husingiziwa kuupigia debe mtindo huo, alionya humo humo kwamba ukiufuata hivyo unakaribisha hatari. Na huyo mteja bado hajui anachotaka. Atakijua akishakishika kwenye simu.

Anzeni na Skramu, nyepesi tu, yaani kujenga mfumo kidogo kidogo kwa mizunguko mifupi, na kila mzunguko ukiisha mnamwonyesha mteja kilichokamilika. Mzunguko wake hauruhusiwi kuzidi mwezi mmoja, na hapo sisi wa Kigoma tuna bahati: mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wa taa wanapumzika na wanunuzi nao wanapata nafasi. Wekeni maonyesho ya kazi siku hizo. Ukiwaita siku za giza, mwezi usipokuwepo na wavuvi wako ziwani, utaongea na viti (yalinikuta Ujiji, sitaki hata kukumbuka).

Mfumo ukiwa hewani na maombi ya marekebisho yakaanza kumiminika, hamieni Kanbani: ubao wa kazi, safu tatu (zinazosubiri, zinazoendelea, zilizokwisha), na kikomo cha kazi zinazoendelea. Watu watatu, kazi tatu, basi.

Mkataba uandikeni kwa awamu. Ya kwanza iwe mauzo na madeni tu. Pale mwaloni madeni ndiyo yanayowanyima watu usingizi.